Kufuli tatu, neno la siri na mifupa: Odd Fellows walikuwa wanalinda nini

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Anayelilaza nyumbani kwake anaweza kuliweka chini ya kitanda mwaka mzima asijue limebeba kiasi gani leo, kwa sababu hana ufunguo. Vyama vya kusaidiana vya mafundi na vibarua wa Uingereza vilikuwa na sanduku la aina hiyohiyo zaidi ya miaka 200 iliyopita: mbao nzito, matundu matatu ya ufunguo, washika funguo watatu, na senti haitoki mpaka wote watatu wasimame mbele yake.

Kimojawapo cha vyama hivyo ni Odd Fellows, na mtu anayetaka kukielewa aanzie kwenye sanduku. Wengi huanzia kwenye jicho lililochorwa ukutani, jeneza na fuvu, wakaishia kwenye zile hadithi za Freemason, majoka na ndugu waliotolewa kafara ili mtu apate gari. Odd Fellows si Freemason. Vimefanana kwa sura, kwa maana ya loji (ndiyo matawi yao), ngazi za uanachama, aproni na maneno ya siri, na ni kweli kwamba Odd Fellows waliazima mengi huko. Tofauti ni kwamba kwa Freemason msaada kwa ndugu aliyekwama ulibaki kuwa hisani. Kwa Odd Fellows ulikuwa haki iliyoandikwa kwenye kanuni: ukiugua utalipwa shilingi kadhaa kwa wiki, ukifa mjane wako atapewa pauni kadhaa. Hakuna aliyelazimika kupiga magoti. Kwa lugha ya kwetu, kilikuwa chama cha kufa na kuzikana chenye mavazi rasmi.

Loji zake zilikuwapo London katikati ya karne ya 18. Zilikutana kwenye vilabu vya pombe, maana hapakuwa na ukumbi mwingine ambao seremala au mfumaji angeumudu. Mara nyingi chumba kilitolewa bila kodi, kwa makubaliano kwamba sehemu ya mchango wa kila mtu itaishia kwenye bia ya mwenye kilabu. Mwaka 1810 loji za Manchester zilijitenga zikaunda Manchester Unity, umoja uliokuja kuwa mkubwa kuliko mingine yote ya aina yake. Marekani mwanzilishi ni Thomas Wildey, mhunzi mzaliwa wa London aliyehamia Baltimore mwaka 1817. Alitangaza gazetini kuwatafuta wenzake, na tarehe 26 Aprili 1819 watu watano wakaketi katika kilabu cha Seven Stars na kufungua Washington Lodge namba 1.

Agizo lao kuu lina sehemu nne: kuwatembelea wagonjwa, kuwasaidia walio katika dhiki, kuwazika wafu, kuwasomesha yatima. Ukilisoma haraka linasikika kama mahubiri. Ukilisoma pamoja na daftari la mweka hazina unaona kwamba kila neno lina kifungu chake cha fedha.

Imani yao imefupishwa katika pete tatu za mnyororo zenye herufi F, L na T: friendship, love na truth, yaani urafiki, upendo na ukweli. (Kwa Kiswahili mnyororo huo ungekuwa na U tatu, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyejaribu kuutafsiri.) Kila pete ina ngazi yake, na kila ngazi huigizwa ukumbini. Urafiki ni Daudi na Yonathani, ndiyo maana pinde na mishale zimejaa kwenye alama zao. Upendo ni Msamaria Mwema, anayembeba majeruhi na kumlipia gharama za nyumba ya wageni. Kwa chama kinachowalipia watu uuguzi, sijui hadithi ambayo ingewafaa zaidi. Ngazi ya ukweli ndiyo ya mwisho. Anayejiunga sharti akiri kwamba yupo Mungu, Muumba na Mtawala wa ulimwengu, lakini haulizwi anamwabudu katika nyumba gani. Biblia huwekwa ukumbini, sala husomwa, na mabishano ya dini na siasa ni marufuku mpaka kikao kifungwe.

Marufuku hiyo watu huisifu kama uvumilivu. Mimi naiona zaidi kama busara ya fedha. Mfuko mmoja ukiwa na Mwanglikana, Mmethodisti na mtu asiyekanyaga kanisani, ugomvi mmoja wa uchaguzi unatosha kuwaondoa theluthi ya wachangiaji, na wanaoondoka kwa hasira huwa ni vijana wenye afya, walewale ambao mfuko unawahitaji. Makanisa hayakuridhika na maelezo hayo. Mwaka 1894 Roma iliwakataza Wakatoliki kujiunga na Odd Fellows.

Sasa twende mlangoni. Katika loji ya Kimarekani mwanachama alifika mlango wa nje, akabisha, na mlinzi wa nje akafungua kijitundu. Alimnong'oneza neno la siri la kipindi hicho, akaingia chumba cha kati, akavaa ukosi wake wa rangi wenye nishani za ngazi yake. Akabisha mlango wa pili. Hapo alitaja jina lake na loji yake, akatoa neno la pili, na mlinzi wa ndani akampitisha. Alitembea mpaka katikati ya ukumbi, akampa ishara mwenyekiti, anayeitwa Noble Grand, kisha makamu wake aliyeketi ncha ya pili, ndipo akakaa. Mchezo mrefu, kwa watu waliofahamiana tangu utotoni.

Kwa nini walijisumbua hivyo? Kwa sababu neno la siri lilibadilishwa mara kwa mara, kwa kawaida kila miezi sita, na Noble Grand alimnong'oneza yule tu ambaye daftari linaonyesha amelipa. Mdaiwa hakupewa. Neno lilikuwa risiti isiyoweza kughushiwa, inayokaguliwa mlangoni na mtu ambaye huenda hajui kusoma.

Kwa msafiri umuhimu wake ulizidi. Fundi aliyetembea kutoka mji mmoja hadi mwingine akitafuta kazi alibeba kadi ya safari yenye muhuri wa loji yake, na pembeni mwa kadi aliweka saini kwa mkono wake. Akifika mji mgeni aliikabidhi kadi, akatoa neno la safari la mwaka huo, kisha akaandikishwa jina lake tena mbele ya wakaguzi ili mwandiko ulinganishwe. Kadi inaweza kuibwa mfukoni mwa maiti; saini na neno haviibiki kirahisi. Namna ya kushikana mikono ilimaliza ukaguzi. Picha ya kitambulisho haikuwapo, simu haikuwapo, na loji iliyokaribia kumlaza na kumlisha mtu isiyemjua ilihitaji kujua kama mfuko wake unatolewa kwa ndugu au kwa tapeli.

Na mifupa? Mifupa ilikuwapo, na mara nyingine ilikuwa ya binadamu kweli. Mwombaji wa uanachama, akiwa amekwisha kuchunguzwa na kamati ndogo ya watu na kupigiwa kura ya gololi nyeupe na nyeusi, alifunikwa macho, akafungwa minyororo, akazungushwa ukumbini gizani. Kitambaa kilipoondolewa alijikuta ana kwa ana na jeneza lililo wazi, mienge miwili mitatu ikiwaka, na ndani yake kiunzi cha mifupa. Akaambiwa atazame na afikiri: ndivyo utakavyokuwa. Makampuni ya vifaa vya loji yaliuza viunzi hivyo kwa katalogi, vingine vya karatasi iliyofinyangwa, vingine halisi vilivyotoka kwenye biashara ya mifupa ya vyuo vya udaktari. Loji zilipofungwa, majeneza yalisahaulika darini na nyuma ya kuta, na mpaka leo hutokea fundi umeme huko Marekani akabomoa ukuta wa jengo la zamani, akaita polisi.

Mwandishi akiona jambo kama hilo huandika "ibada ya mauti". Lakini tazama aliyesimama mbele ya jeneza ni nani: kijana wa miaka 22 mwenye misuli, anayeambiwa atoe sehemu ya mshahara wake kila wiki kwa ajili ya ugonjwa asioumwa na kifo asichokiona. Kumwonyesha mifupa saa nne usiku ni njia moja ya kumfanya asichelewe kulipa.

Gharama ya kiapo cha siri ingeweza kuwa kubwa. Mwaka 1834 vibarua sita wa mashamba wa Tolpuddle, huko Dorset, walioungana mishahara yao ilipokuwa ikikatwa, walihukumiwa miaka saba uhamishoni Australia. Hawakushtakiwa kwa kuungana, maana hilo lilikuwa limekwisha ruhusiwa. Walishtakiwa kwa kuapishana kwa siri, chini ya sheria ya 1797 iliyotungwa kwa ajili ya maasi ya wanamaji. Ushahidi mahakamani ulieleza watu waliofunikwa macho, Biblia, na mchoro mkubwa wa kiunzi cha mifupa ukutani. Hawakuwa Odd Fellows, lakini kila loji nchini iliusoma ushahidi huo ikijiona kwenye kioo. Walisamehewa mwaka 1836, baada ya kelele kubwa.

Kuugua kulikuwa na utaratibu wake. Kanuni zilitofautiana loji kwa loji, ila msingi wake ulikuwa huu. Mwanachama mpya hakustahili chochote mpaka apite muda wa kungoja, miezi sita au mwaka, ili mtu asijiunge akiwa tayari anakohoa damu. Akiugua alipeleka taarifa kwa katibu pamoja na cheti cha daktari wa loji. Wajumbe wa kutembelea wagonjwa walifika upesi, kisha wakarudi kwa siku na saa wasizotangaza, wakabeba posho mkononi. Mgonjwa aliyelipwa hakuruhusiwa kufanya kazi, wala kulewa, wala kuonekana nje baada ya saa fulani ya jioni. Akikutwa kilabuni anacheza karata alitozwa faini au kufukuzwa. Ugonjwa uliotokana na ulevi, ugomvi au uasherati haukulipwa. Baada ya miezi kadhaa, mara nyingi wiki 26, posho ilishuka hadi nusu, na baadaye zaidi.

Amri ya "kuwatembelea wagonjwa", basi, ilikuwa upendo na upelelezi kwa pamoja, na wao hawakuona mgongano wowote. Mgeni aliyeleta shilingi kumi na habari za kazini ndiye huyohuyo aliyetupia jicho viatu chini ya kitanda kuona kama vina tope jipya. Bima ya kisasa ina fomu na makachero wake. Wao walikuwa na jirani, na jirani ni vigumu kumdanganya.

Daktari naye aliajiriwa kwa kura. Loji ilimlipa kiasi kidogo kwa kila kichwa kwa mwaka, awe amemtibu au hajamtibu. Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kiwango cha kawaida kwenye vyama vya namna hii kilikuwa dola 1 hadi 2 kwa mwanachama kwa mwaka. Vyama vya madaktari vilichukia mpango huo kwa moyo wote, vikisema unawadhalilisha wasomi mbele ya waashi. Waashi waliupenda kwa sababu hiyohiyo.

Kilichoziua loji nyingi hakikuwa wezi, ingawa wezi walikuwapo. Mpaka mwaka 1850 sheria ya Uingereza haikuziruhusu jumuiya zenye matawi kusajiliwa, hivyo mweka hazina aliyetoroka na fedha alikuwa vigumu kumfikisha popote. Mbele ya hakimu chama kilikuwa kama hakipo. Ndiyo maana ya kufuli tatu. Muuaji mkubwa alikuwa hesabu.

Tuchukue loji ya mfano. Wanachama 100, wote wana miaka 25, kila mmoja analipa peni 5 kwa wiki. Shilingi ya wakati ule ilikuwa peni 12, na pauni ilikuwa shilingi 20. Kwa wiki 52 kila mtu ametoa peni 260, yaani shilingi 21 na peni 8. Posho ya ugonjwa ni shilingi 10 kwa wiki. Maana yake mchango wa mwaka mzima unatosha wiki mbili za ugonjwa na siku moja juu, kabla hujagusa mazishi. Kijana wa miaka 25 huugua chini ya wiki moja kwa mwaka kwa wastani; tuseme robo tatu ya wiki, sawa na shilingi 7 na peni 6. Kila mmoja anabakiza shilingi 14 na peni 2, na loji nzima inafunga mwaka na karibu pauni 71 za ziada. Fedha tele! Wanashona bendera ya hariri, wanakodi bendi ya matarumbeta, wanafanya karamu ya mwaka, na huenda wakapiga kura posho ipande hadi shilingi 12.

Miaka 40 inapita. Waliobaki wana miaka 65, na katika umri huo wastani wa ugonjwa si wiki moja tena bali wiki nyingi, maana hapo ugonjwa na uzee havitenganishiki: mgongo, kifua, macho. Ukiweka wiki nane tu, kila mtu anadai shilingi 80 kwa mwaka na analeta 21. Vijana wa mtaa wanaziona nywele nyeupe za ukumbini, wanapiga hesabu ya vidole, wanakwenda kufungua loji yao upande wa pili wa barabara, kwa peni 4 tu. Sanduku linakauka. Mzee aliyelipa tangu ujana anafika na cheti chake cha daktari na kuambiwa hakuna kitu. Kisa hiki kilijirudia Uingereza nzima, bila mtu hata mmoja kuiba.

Ziada ya mwanzo haikuwa ziada. Ilikuwa deni la miaka 40 mbele, nao walilinywa.

Aliyelionyesha jambo hilo kwa tarakimu ni Henry Ratcliffe, katibu wa Manchester Unity. Mwaka 1850 alichapisha majedwali ya vifo na magonjwa yaliyokusanywa kutoka kwenye loji zenyewe: umri huu, wiki hizi. Wanachama hawakumshangilia. Majedwali yalisema kwamba anayejiunga akiwa na miaka 40 lazima alipe zaidi ya anayejiunga akiwa na 20, na kwa watu waliofundishwa kwamba ndugu wote ni sawa hilo lilisikika kama kufuru. Usawa wa mchango ulikuwa umegeuka sehemu ya imani. Hata hivyo mwaka 1853 umoja huo ulikubali viwango vya kupanda kwa umri, na mwaka 1875 sheria ikavitaka vyama vilivyosajiliwa vipimwe mali na madeni yao kila miaka mitano.

Kwetu chama cha kuzikana bado hutoza kila kaya kiasi kilekile, na hakiumii haraka, kwa sababu mara nyingi hukusanya msiba ukishatokea badala ya kuahidi posho ya miaka ijayo. Kinaumia pale kinapoanza kuahidi.

Udugu huo ulikuwa na mipaka isiyopendeza. Loji za Marekani zilikataa watu weusi. Peter Ogden, baharia mweusi aliyekuwa tayari mwanachama wa loji moja ya Liverpool, alizunguka upande: alichukua hati ya kufungua loji moja kwa moja Uingereza, kutoka Grand United Order, umoja mwingine wa Odd Fellows, na mwaka 1843 Philomathean Lodge namba 646 ikafunguliwa New York. Kwa hiyo Odd Fellows weusi wa Marekani walikuwa na hati ya Uingereza ambayo weupe, waliokuwa wakikata uhusiano wao na Manchester wakati huohuo, hawakuwa na mamlaka ya kuigusa. Wanawake walipewa mlango wa pembeni mwaka 1851, ngazi ya Rebeka, iliyoandikwa na Schuyler Colfax ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais. Rebeka ni yule wa Mwanzo aliyemchotea maji mtumishi wa Abrahamu na ngamia wake, na kazi waliyopewa akina mama ilifanana na jina: uuguzi, yatima, jikoni.

Mwaka 1911 Uingereza ilitunga bima ya taifa ya ugonjwa, na vyama kama hiki vikafanywa mawakala wa kuisimamia. Hesabu za bima hiyo zilijengwa juu ya takwimu za wagonjwa wa Manchester Unity za miaka ya 1893 hadi 1897, zilizochambuliwa na mtaalamu wao Alfred Watson, ambaye serikali ilimchukua na baadaye kumfanya mkuu wa hesabu za bima wa nchi. Daftari la katibu wa loji, viatu vyenye tope na yote, lilihamia hazina ya taifa. Mwaka 1948 huduma ya afya ya taifa ilianza, na mwanachama hakuwa tena na sababu ya kifedha ya kubisha mlango ule.

Vyama bado vipo pande zote mbili za Atlantiki, vidogo, na wazee wengi. Amri iliyoacha alama inayoshikika zaidi ni ile ya tatu, kuwazika wafu. Huko San Francisco Odd Fellows walikuwa na makaburi yao makubwa, na mwaka 1898 wakajenga humo jumba la mviringo lenye kuba, la kuhifadhia majivu ya waliochomwa. Kuanzia mwaka 1901 jiji lilikataza maziko ndani ya mipaka yake, ardhi ilikuwa imepanda bei. Katika miaka ya 1930 makaburi yalifukuliwa na mabaki ya maelfu ya ndugu yakahamishiwa mji wa Colma, kusini mwa jiji. Jumba la kuba liliachwa mahali pake, na sasa limezungukwa na nyumba za watu.